Msichana Aliyechota Maji Tu

Nakumbuka asubuhi ambayo mzee Lomuria alinikemea mbele ya wanaume wote, na damu ya mbuzi ilikuwa haijakauka mikononi mwake.

Mwanangu, wewe unayesoma haya, sijui uko wapi wala una umri gani. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nimezoea kuandika kidogo kila siku, mambo ya nyumbani tu: nani alikuja, upepo ulivuma vipi, tulikula nini. Sijazoea kumshauri mtu. Mara nyingi nikimaliza kuandika jambo najiuliza kama lilikuwa hivyo kweli au nimelipamba. Kwa hiyo yapokee haya kama unavyopokea maji kwa mtu usiyemjua njiani: onja kwanza.

Asubuhi hiyo nilikuwa kijana, nimemaliza shule juzijuzi. Kakuma ilikuwa mahali padogo, kambi ya wakimbizi haijakuwapo. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Baba na ndugu zake walitaka kuhamisha mifugo kuelekea upande wa Lokichoggio, ambako ilisemekana majani yapo. Kabla ya safari kama hiyo mbuzi huchinjwa, na mzee anayejua huyatandaza matumbo yake akayatazama: hapa ni njia, hapa ni maji, hapa ni maadui, hapa ni sisi wenyewe. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mzee Lomuria, ndugu wa babu yangu.

Aliyatazama kwa muda mrefu. Mama alikuwa amesimama kando na wanawake wengine, amembeba mdogo wangu mgongoni. Mzee akaweka kidole penye doa jeusi, akasema bila kushusha sauti, "Hapa njiani kuna kaburi. Dogo."

Nilimwona mama akimzungusha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani. Roho iliniuma. Nikainama, nikamnong'oneza mzee, "Babu, si ungesema tu njia ni nzuri? Mama anasikia."

Yeye hakuninong'oneza. "Sikieni! Huyu mtoto wa shule anataka nimdanganye mama yake."

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Ndiyo wanafundishwa huko. Penseli ikikosea wanafuta."

Mzee hakucheka. "Mbuzi huyu ni wa nani?" akaniuliza.

"Wa baba."

"Na matumbo?"

"Ya baba."

"Na mimi ni nani hapa?" Akanionyesha vidole vyake vyenye damu. "Mimi ni macho tu, na nimeazimwa. Macho ya kuazima yakianza kuchagua cha kuona, afadhali mtu atembee kipofu. Kipofu angalau hubeba fimbo."

Sitakudanganya, mwanangu. Msimu ule hakufa mtu. Mdogo wangu yule wa mgongoni leo ana wajukuu. Labda ni kwa sababu mama hakumweka chini njia nzima. Labda matumbo ya mbuzi hayajui lolote, kama padri alivyotuambia baadaye. Sina elimu ya kuamua. Ninachojua ni kwamba maneno ya mzee yalinikaa, na siku nilipoyahitaji niliyasukuma pembeni.

Siku hizi naishi Lodwar na mke wangu. Watu humwita Mama Ekai, kwa jina la kifungua mimba wetu. Ekai mwenyewe anaendesha boda boda, na yeye na mkewe Nawoi tuko nao boma moja. Macho ya Mama Ekai yameharibika. Ni ule ugonjwa wa kope unaowapata wengi kwetu, kope zinapinda ndani na nywele zake zinakwaruza jicho kila mtu akipepesa. Alipasuliwa, maumivu yakaisha, lakini kuona hakukurudi. Anaona mwanga na vivuli. Vikapu vyake vya majani ya mkoma bado anavisuka, kwa sababu vidole vinajua njia.

Yeye hakwenda shule. Basi ikifika saa kumi, jua likianza kulegea, tunatoa viti nje upande wenye kivuli, yeye anasuka, mimi namsomea. Gazeti kuukuu, Biblia, hadithi, chochote kilichopatikana. Hatukujaliwa kuzungumza sana sisi wawili. Watu wa vitabuni walizungumza kwa niaba yetu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulizungumza kabisa. Tulikuwa na binti, anayemfuata Ekai. Wakati ule mimi nilikuwa nimeshapata kazi ya kulinda stoo hapa Lodwar, na wao walikuwa bado Kakuma. Binti akashikwa na homa kali msimu wa mvua. Barabara ilikuwa haijawekwa lami. Gari lililokuwa likimleta hospitali lilifika kwenye laga moja, yale makorongo ya mchanga ambayo mwaka mzima mtu anavuka kwa viatu vikavu, likakuta maji yamejaa na yanavuta miti. Wakangoja yapungue. Hayakupungua upesi. Binti alifia pale ukingoni mikononi mwa mama yake, nami nikaambiwa kwa simu.

Baada ya kuzika, hatukulitaja tena jina lake. Kwetu jina la marehemu halichezewi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lakini mimi nilijua kwamba nimejificha nyuma ya mila. Sikuwahi kumwuliza mke wangu ilikuwaje pale lagani. Nilijiambia sitaki kumtonesha kidonda. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliuona mzigo wake kila siku, na kila siku niliupita kama mtu anayepita gunia la jirani.

Sasa, mwaka huu nilikwenda Kakuma kusalimia ndugu. Kambini kuna mama mmoja Mkongomani, Mama Furaha, tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja. Baada ya kungoja hadi watoto wake wakawa watu wazima, alikuwa amepata safari ya ng'ambo. Nilikuta vyombo vyake vimepangwa nje, sufuria, godoro, viti vya plastiki, watu wanachaguachagua.

"Ejok, papa!" akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi, mama. Kwa hiyo unatuacha."

"Nabaacha, ndiyo. Beba hii kitabu, ni zawadi. Iko muzuri sana. Lakini inalizaka batu."

"Mimi ni Mturkana, mama. Machozi yetu yalikauka na kiangazi."

Akacheka sana. "Haya, utaisoma, utaniambia." Kisha kicheko kikamkatika. "Utaniambia wapi sasa? Mi nakwenda." Akageuka, akaanza kupanga upya sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri tu.

Kitabu kilikuwa kimeng'oka jalada, kwa hiyo hata jina la aliyekiandika silijui. Ni hadithi ya familia ya wachuma chai huko milimani: baba mkimya, mama mwenye mdomo, watoto wa kiume, na msichana mmoja ambaye ndiye mcheshi wa nyumba. Mama Ekai alimpenda huyo msichana tangu siku ya kwanza. Msichana akimjibu mama yake kwa ujeuri, mke wangu alikuwa akipiga paja. "Mjinga huyu! Mwache tu, ataolewa mbali, wamnyooshe."

Mimi nasoma polepole, na sipendi kujikwaa mbele za mtu. Ndiyo maana asubuhi hupitia kurasa za jioni, maneno magumu niyazoee. Asubuhi moja nikakuta kwamba msichana ameugua. Mvua zinanyesha, lori la chai linampeleka hospitali, lori linakwama kwenye matope. Nikaendelea kusoma. Alikufa, mwanangu. Alfajiri, ndani ya lori, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake.

Nilikifunga kitabu. Nilikaa hadi uji ukapoa. Nawoi alipita na ndoo akaniuliza, "Baba, uko sawa?" Nikamwambia ni vumbi.

Nilimkumbuka mzee Lomuria siku hiyo, sitasema sikumkumbuka. Lakini nilimwambia moyoni: wewe babu ulikuwa na mbuzi, mimi nina mke.

Saa kumi ikafika. Nikasoma hadi penye matope. Nikasoma hadi mama anapomfunika msichana kwa gunia la chai. Halafu macho yangu yakabaki kwenye karatasi na mdomo ukaenda zake. "Mara wanakijiji wakaja na majembe," nikasema. "Wakasukuma. Lori likatoka. Wakafika hospitali salama."

Mama Ekai akashusha pumzi. "Asante Mungu," akasema, na vidole vyake vikaanza tena kusuka. Siku ile nililala nimeridhika na nafsi yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kama ya Lodwar hadi Lokichoggio, na mashimo yake. Maana sikuwa nimefikiria kwamba kitabu bado ni kinene, na kwamba kila mtu aliyebaki ndani yake anamlilia msichana ambaye mimi nimeshamponya. Mazishi ikabidi niyageuze karamu ya mavuno. Baba aliyeacha kula nikasema amefunga kwa ajili ya kanisa. Mama yule alilia kurasa na kurasa, nikasema jino linamuuma.

"Jino gani hilo lisiloisha?" Mama Ekai akauliza. "Si aling'oe?"

"Huko hakuna daktari wa meno."

Nawoi alikuwa anaanua nguo. "Baba, hiyo kitabu iko na wagonjwa tu. Tafuta ingine."

Na msichana mwenyewe ilibidi nimtie mahali, la sivyo angeulizwa. Kwa hiyo kila jioni, katikati ya maneno ya watu wengine, nilichomeka: "Msichana akaenda kuchota maji." Au: "Msichana akarudi na maji." Sikuwa na uwezo wa kumpa zaidi. Ucheshi wake ulikuwa wa mwandishi, si wangu. Nilijaribu mara moja kumtungia mzaha, mke wangu hakucheka.

Tuliendelea hivyo, hadi jioni moja Mama Ekai akaweka kikapu chini.

"Baba Ekai."

"Naam."

"Huyu msichana, tangu apone, anachota maji tu."

"Ni kazi za nyumbani."

"Anachota maji. Hamjibu mtu. Hakuna anayemwita. Jana babake amekaa mlangoni, msichana amepita na mtungi, na babake hakumwona." Uso wake ulikuwa umeelekea upande wangu, ingawa najua aliona kivuli tu. "Alikufa kwenye lori. Sivyo?"

Nilisikia mbuzi wa jirani. Nilisikia pikipiki mbali, nikaomba iwe ya Ekai, aingie atuvuruge. Haikuwa yake.

"Sivyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikufa."

"Nilijua siku ileile ya majembe. Sauti yako ilikuwa ya mtu anayeita ng'ombe wa wenyewe." Akapapasa kikapu chini. "Nikasema ngoja nione atamfikisha wapi."

"Nilikuhurumia, mama."

"Najua." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonichoma. "Kwa hiyo ulisoma asubuhi, peke yako. Ukalia peke yako."

"Sikulia."

"Haya. Hukulia." Akatafuta mkono wangu kwa mkono wake, akakikuta kitabu. "Macho ndiyo yamekufa, Baba Ekai. Masikio bado. Rudi pale, unisomee ilivyo."

Nikarudi. Nilisoma vibaya, nikikwamakwama kama lori lenyewe. Nilisoma mama wa kitabuni anavyoendelea kuzungumza na msichana, anamsimulia habari za kuku na za jirani, na msichana ameshakwenda zamani. Nilidhani Mama Ekai atanikataza. Akasema, "Hapo tena." Nikasoma hapo tena.

Kisha akasema, "Yetu haikuwa hivyo."

Nikaweka kitabu magotini.

"Haikuwa alfajiri. Ilikuwa mchana, jua kali. Mvua ilinyesha huko milimani upande wa Uganda, sisi hata tone. Maji yanakuja tu, na juu hakuna wingu." Alikuwa anasema polepole, kama anayetoa miiba. "Ng'ambo ya pili kulikuwa na magari yamesimama, na watu. Akaniuliza, 'Baba yuko wapi?' Nikamwambia, 'Yule pale ng'ambo. Mwenye shati jeupe.' Akatazama. Alikuwa mtu tu, Baba Ekai, labda dereva. Sikumjua. Mtoto akainua mkono, hivi. Na yule mtu, Mungu amweke, akainua wake."

Nikautazama mkono wake uliobaki hewani.

"Akaniambia, 'Ameniona.' Nikasema, 'Amekuona, anangoja maji yapungue.' Akalala. Basi." Akajifuta macho yale yasiyoona. "Kwa hiyo na mimi nilisema lori limetoka. Siwezi kukukasirikia sana. Lakini Akiru alikuwa anakwenda. Mimi bado niko hapa."

Akiru. Tulimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. Sikuwa nimelisikia kutoka kinywani mwa mama yake tangu tuzike.

Nililia, mwanangu. Nimeandika juu hapo kwamba machozi yetu yalikauka, ule ulikuwa mzaha wa mtu aliyetaka kuonekana jasiri mbele ya Mama Furaha. Nililia hadi Nawoi akatoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani bila neno. Na niseme yote, maana nimeanza: pamoja na uchungu, nilimwonea wivu yule mtu wa shati jeupe. Alisimama mahali pangu. Aliagana na mtoto wangu, na pengine jioni ile alikula chakula chake akasahau. Kisha najirudi, nasema, bila yeye mtoto angeondoka bila baba. Nafsi yangu inakwenda huku na huku hivyo hadi leo.

Usidhani tulipona. Ningependa kukuandikia kwamba tangu siku hiyo nyumba ilijaa kicheko. Hapana. Siku nyingine Mama Ekai anataka kumsimulia Akiru na mimi siwezi kuvumilia, najifanya naitwa nje. Siku nyingine mimi ndiye nauliza, alivaa nini, alikunywa maji, na yeye ananiambia, "Leo usiniulize." Tunazungumza kama watu wanaojifunza lugha uzeeni. Kitabu tulikimaliza. Mama wa kitabuni mwishoni anarudi kuchuma chai, hakuna zaidi. Mke wangu akasema mwandishi hakutaka kutudanganya, na hiyo ni heshima.

Je, alikosea kumwambia mtoto anayekufa kwamba baba yuko ng'ambo? Nimeligeuza swali hili kila upande. Mtu mwingine akinihukumia mke wangu nitasimama nimtetee, lakini nikiwa peke yangu sijui. Nadhani anayeondoka na anayebaki hawapimwi kwa kibaba kimoja. Anayeondoka humwachii njia ndefu ya kutembea na uongo wako. Anayebaki utamtembeza nao miaka.

Basi nasaha yangu ni hii, na ukiiona ndogo, ndiyo niliyo nayo. Mtu mzima mwenzako usimchagulie huzuni anayoweza kubeba. Muulize. Ukiogopa kumuuliza, mwambie kwamba unaogopa, hilo lenyewe litafungua mlango. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na msiba wa laga aliujua aliyekaa ukingoni. Mimi niliyekuwa Lodwar nilidhani nikikaa kimya namlinda, kumbe nilimwacha palepale ukingoni, miaka yote hiyo, akisubiri mtu avuke. Na kama umeshadanganya kwa upendo, kama nilivyodanganya mimi, kama alivyodanganya yeye, semeni kweli mapema, nyote wawili mkiwa bado na masikio. Mfiwa hahitaji hodari wa kumpoza. Anahitaji mtu wa kukaa naye, amsomee ilivyo, na akiambiwa "hapo tena," arudie.

Sasa nikubariki kama wazee wetu wanavyobariki, nami nitasema, wewe uitikie hapo ulipo, hata kwa moyo.

Maji yapo? Yapo.
Yatakuja kwa upole? Yatakuja.
Njia imefunguka? Imefunguka.
Walio ng'ambo watavuka? Watavuka.
Na ubaya, umekwenda na upepo? Umekwenda.

Mungu akuweke, mwanangu, na akupe wa kukuambia kweli.